Bordero za Saa Nane

Ni mwezi wa tatu sasa tangu nirudishe funguo za pikipiki ofisini, na bado sijajua kukaa. Saa kumi na moja alfajiri macho yangu yako wazi. Naamka, navaa viatu vya mpira, natoka hadi uani, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mke wangu, Mama Salima, ananitazama kutoka jikoni na kuniuliza, "Baba, leo koli iko ya nani?" Anacheka peke yake, akijua sina tena mzigo wa mtu wa kupeleka. Mimi navua viatu, nakaa kidogo, nasimama tena. Anasema nikiendelea hivi nitachimba uwanja kwa miguu.

Ndiyo maana nimekubali kuandika. Nyinyi vijana mliobaki ofisini hapa Kasongo mlikuja siku ya kuniaga, mkala wali wangu, kisha mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee, miaka yote ile ulifanyaje usichelewe?" Watu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nilishukuru Mungu kwa makofi yale, kwa sababu jibu nililokuwa nalo si la kutolewa kwenye sherehe. Jibu ni hili hapa. Ni refu, na halinipendezi.

Nilianza kubeba mizigo ya watu kabla ofisi haijakuwepo. Nilikuwa na kinga, yaani baiskeli, ya chuma kizito, na fimbo niliyoifunga kwenye usukani ili niweze kuisukuma nikitembea pembeni. Kutoka Kabambare nilishuka na madumu ya mawese, kutoka Kasongo nilipanda na chumvi, sabuni na barua. Nilifika nilipofika. Hakuna aliyeniuliza saa. Watu waliniuliza kama njiani kulikuwa salama na kama mvua ilikuwa imeanza upande wa pili. Halafu ofisi ya mizigo ikafunguliwa, chumba kimoja cha bati chenye mizani na pikipiki mbili, nami nikaajiriwa kwa sababu nilijua kila shimo la njia ile kwa jina.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa hata kugusa pikipiki. Aliyenifundisha kazi aliitwa Feruzi, mtu mwembamba wa familia ya Waislamu wa zamani wa mjini, mwenye kanzu safi siku ya Ijumaa na koti la mvua siku nyingine zote. Alinipa sanduku moja tupu na kifurushi cha vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye tyubu za zamani, akasema, "Funga." Nikafunga. Akalipiga teke, likaanguka. "Funga." Tulishinda hivyo hadi adhuhuri, naye hakuchoka kupiga teke. Kamba ya nailoni, alisema, inakata sanduku na haina huruma. Mpira unashika, lakini unajua kulegea pikipiki inaporuka. Mzigo mzito ukae chini, karibu na mgongo wako. Cha kuvunjika kiviringishwe katika nguo za mwenyewe, maana mtu hawezi kukulaumu kwa kuharibu sahani yake kwa shati lake. Samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe wafungwe nje kabisa, upande wa upepo. Niliwahi kulisahau hilo, nikafikisha mitihani ya shule moja ikinuka samaki kila ukurasa. Nasikia mwaka ule wanafunzi waliandika haraka sana ili wakale.

Mfukoni kwangu hakukukosekana buji mbili za kuwashia injini, kisu, kipande cha msasa, viraka na kipande cha sabuni ya kufulia. Mnacheka sabuni, lakini tangi la mafuta likitoboka kwenye jiwe porini, sabuni ukiikanda vizuri inaziba tundu mpaka ufike. Kwenye madaraja ya magogo, shuka kwanza, pita kwa miguu, piga kila gogo kwa kisigino. Ukifika penye matanga, zima injini mapema, vua kofia ya chuma, sukuma pikipiki mpaka uwapite wafiwa, na ukiwa ulimfahamu marehemu, kaa. Feruzi hakuwahi kupita msiba akiwa juu ya pikipiki. Na alinifundisha kwamba koli haiachwi mlangoni. Unapewa kiti, maji, pole na safari, unaulizwa Kasongo iko namna gani, ndipo mzigo unafunguliwa mbele yako ili kila mtu aone kwamba ni mzima. "Mutu haletewi koli," alikuwa akisema. "Analetewa habari. Koli inafuata nyuma."

Kisha zikaja saa.

Alikuja shefu mpya wa ofisi kutoka mji mkubwa. Alifika Kasongo kwa ndege, na nadhani hilo lilituponza zaidi ya tabia yake, kwa sababu ukitazama njia ya Kabambare kutoka angani ni mstari mwekundu ulionyooka. Alining'iniza saa ya ukutani na karatasi kubwa yenye safu. Kuanzia siku ile kulikuwa na koli ya kawaida na koli ya haraka. Koli ya haraka ilitoka Kasongo alfajiri na ilitakiwa iwe mkononi mwa mwenyewe Kabambare kabla ya saa nane mchana, siku ileile. Mwenyewe aandike saa kwenye bordero, ile karatasi ndogo ya kupokelea, na asaini au aweke kidole. Karani wa kituo chetu cha Kabambare apige simu aseme imefika saa ngapi. Ikipita saa nane, jina lako liliandikwa kwa wino mwekundu: retari, umechelewa. Nyekundu tatu, unakaa nyumbani.

Kiangazi iliwezekana. Niliwahi kufika saa saba na nusu, mifupa imenilegea, meno yakigongana yenyewe hata nilipokuwa nimeshuka. Lakini masika? Masika njia ile haiendeshwi, inabembelezwa. Feruzi alienda kumweleza. "Shefu, mvua haisomi bordero." Shefu akajibu kwamba wateja wanalipia saa, hawalipii mvua. Alisema kweli, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi tu kulala kwenye tope. Feruzi akaendelea kuandika saa zile alizofika. Saa kumi na mbili. Kesho yake saa tatu. Kesho yake saa sita. Jina lake likawa jekundu mpaka karatasi ya ukutani ikaonekana inavuja damu, na kabla masika hayajaisha akaambiwa apumzike. Alipokuwa akirudisha funguo nilimwambia angeweza kuandika saa nyingine, nani angejua? Akaniambia, "Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu. Yangu iko ndefu, na ndiyo inafika Kabambare." Nilimwona mkaidi. Nikapewa njia yake.

Uongo wenyewe sikuubuni mimi, ingawa nimeula muda mrefu kuliko wote. Ulianza kwa huruma. Mwenye duka mmoja wa Kabambare aliniona nimefika magharibi, nimepakwa tope hadi nyusi, nikamwomba asaini. Akasema, "Lete hizo karatasi, nisaini tano mara moja. Wewe utaandika saa yenye shefu wako anapenda." Nikacheka, nikampa. Baada ya wiki chache wateja wetu wote wa Kabambare walikuwa wamesaini mapema, na wasiojua kuandika waliweka kidole. Bordero hizo tulizihifadhi kituoni kwenye kopo la biskuti, chini ya meza ya karani wetu, Musafiri. Siku ya koli ya haraka, saa nane ilipokaribia, Musafiri alitoa karatasi ya mteja, akaandika saa nane kasoro kumi, au kasoro robo ili isifanane na ya jana, akapiga simu Kasongo: "Imefika." Mimi wakati huo nilikuwa kijijini nakausha buji kwa moto wa mama muuza mihogo. Koli ilifika jioni au kesho yake, mteja alijua, alicheka, alinipa maji. Hakuna aliyeumia. Ulikuwa uongo wa watu wote, na uongo wa watu wote hauonekani kuwa na uzito.

Nilisifiwa. Wageni wa ofisi walionyeshwa jina langu ukutani, halina hata tone la wino mwekundu. Na mimi, niseme wazi, nilijivuna. Kuna siku nilimsikia mtu sokoni akisema yule haijamshinda mvua, nami nikanyoosha mabega kana kwamba ni kweli.

Sasa nifike kwa Mama Zaina.

Alikuwa mjane wa Kabambare, mwenye kibanda cha sabuni na chumvi mbele ya nyumba yake. Binti yake, Zaina, aliolewa Kasongo na ndiye aliyemtumia bidhaa, kwa hiyo kwenye kopo letu kulikuwa na bordero tatu zenye kidole cha mama. Mume wa Mama Zaina alipofariki, shemeji yake alikuja kudai kiwanja: alisema ndugu yake alikinunua peke yake, na mke hana lake pale. Mama Zaina alisema walinunua pamoja. Shahidi alikuwa mmoja tu, mzee aliyewauzia, ambaye alikuwa amehamia Kasongo na miguu yake haikuweza tena safari. Zaina akamfuata mzee huyo, akamwandikisha mbele ya mkubwa wa mtaa kwamba aliuza kiwanja kwa mume na mke wote wawili, naye mkubwa akapiga muhuri. Kesi ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi katika mahakama ya Kabambare. Bahasha aliileta kwangu Jumatano alfajiri, koli ya haraka. Alinishika mkono. "Baba, hii ni nyumba ya mama yangu. Inafika leo?"

"Saa nane," nikamwambia. Nilisema vile mtu anavyosema amina.

Mvua ilinikuta kabla ya saa nne. Mchana nilifika kwenye kijito ambacho daraja lake lilikuwa na magogo manne nilipopita wiki iliyotangulia. Nikakuta mawili, na maji yakipita juu yake. Nilibaki ukingoni pamoja na wenzangu wawili waliobeba mawese mpaka jioni, tukalala kijiji cha jirani. Bahasha ilikuwa kifuani, ndani ya plastiki mbili. Simu haikushika. Wala sikuhangaika sana. Niliwaza kwamba asubuhi nitafika mapema. Kumbe kule Kabambare, saa nane kasoro dakika kumi, Musafiri alikuwa ametoa bordero ya Mama Zaina kwenye kopo, ameandika saa na tarehe, amepiga simu. Zaina alipouliza ofisini Kasongo aliambiwa imefika. Akaenda kulala akiwa na furaha. Kama angeambiwa bado, angetafuta njia nyingine, angempigia mama yake aombe siku. Hakufanya lolote, kwa sababu sisi tulikuwa hatuchelewi.

Niliingia Kabambare Alhamisi saa tano. Nikaambiwa mama yuko mahakamani, nikaenda moja kwa moja, nikamkabidhi bahasha mlangoni, akaingia nayo mbio. Nikarudi kwenye pikipiki kukaza mizigo iliyobaki. Haukupita muda akatoka, uso umebadilika. Akanisimulia huku akinong'ona.

Asubuhi alikuwa amemwambia hakimu kwamba karatasi iko njiani. Shemeji, ambaye hakuwa mjinga, alikimbilia kituoni kwetu kuuliza, akaonyeshwa bordero, akaja nayo: imepokelewa jana, saa nane kasoro kumi, kidole cha mama hiki hapa. Sasa karatasi imeingia leo saa tano. Hakimu akamwuliza, mama, hiki kidole ni chako? Hakutaka kusema uongo mahakamani.

"Nilisema ni changu, lakini nilikiweka siku ingine. Shemeji akacheka. Anasema, siku ingine namna gani, na karatasi iko na tarehe? Anasema usiku nimekaa na watu nikiandikisha uongo."

Mnaona? Karatasi ya mzee ilikuwa ya kweli tupu, na bordero yetu ndiyo iliyoifanya ionekane ya kughushi. Hakimu alikuwa amesogeza kesi mpaka saa nane mchana ili asikilize nyingine kwanza. Akasema mwenye pikipiki aje aseme jana alikuwa wapi.

"Utaingia, Baba Salima? Useme tu ulilala njiani."

Useme tu. Nilikuwa na koli moja ya haraka ya Lusangi, ya kufika siku hiyo kabla ya saa saba. Lusangi ni mwendo wa saa moja ardhi ikiwa kavu. Nilihesabu haraka kichwani: nitoke sasa, nifike, nigeuze, saa nane niko hapa. Hesabu hiyo ndiyo niliyomwambia. Ile ambayo sikumwambia ni kwamba niliogopa. Nikisema nililala njiani, nimesema kopo la biskuti. Nimesema Musafiri, nimesema wenzangu wa njia nyingine ambao nao walikuwa na makopo yao, nimesema lile jina langu safi ukutani. Miguu yangu ilitaka kuondoka, na Lusangi ilinipa ruhusa.

"Nitarudi, Mama Zaina. Saa nane niko hapa."

"Kweli?"

"Kweli."

Niliendesha kama mwizi. Nilifika Lusangi saa saba kasoro dakika sita. Nilikuwa ndani ya muda! Mwenye koli hakuwepo, alikuwa ameenda kwenye mashimo ya dhahabu. Mke wake alikuwa anamenya karanga. Akaipokea bahasha, akaipapasa, akaiweka juu ya kinu.

"Aa, hii? Ni miwani yake ya jua. Ungeleta hata siku ya soko."

Nilisimama pale nikiwa na kalamu mkononi. Nilitamani kumgombeza mtu na hapakuwa na mtu wa kumgombeza. Nikageuza. Mvua ikanisubiri nusu ya njia, mnyororo ukakatika, nikaunga, ukakatika tena mahali palepale. Niliingia Kabambare saa tisa na nusu. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa. Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini, na karibu yake chupa ya maji.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alifungua chupa, akanipa. "Pole na safari," akasema. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyoambiwa anapotoka njiani, basi. Hakimu alikuwa amengoja mpaka saa tisa, kisha akaikataa karatasi ya mzee na kumpa shemeji kiwanja. Nilikunywa yale maji. Sikujua nifanye nini kingine.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa karani wa mahakama, nikaandika kwa mkono wangu kwamba Jumatano saa nane nilikuwa kijitoni, kwamba bordero ile ilikuwa na kidole cha zamani, na kwamba saa iliandikwa kabla ya koli kufika. Nikasaini. Kisha nikaenda kumwambia Musafiri, maana sikutaka aisikie sokoni. "Unataka kutuua sisi wote kwa ajili ya kiwanja cha mutu mumoja?" aliniuliza. Tulikuwa tumekula sahani moja kwa miaka. Mpaka leo akiniona hubadilisha njia, na sijawahi kumlaumu.

Rufaa ilisikilizwa Kasongo, wakati mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilimchukua Mama Zaina nyuma ya pikipiki, siku mbili nzima, na hiyo ndiyo safari pekee niliyoifanya bila kutazama saa. Penye magogo alishuka, akavua viatu, akavuka kwa miguu akishika kitambaa chake kwa meno. Penye tope tulisukuma wote wawili. Tulipita matanga mahali pamoja, nikazima injini, naye akasukuma upande mmoja kimya mpaka tukawapita watu. Kwenye kile kijito alisimama muda mrefu akitazama maji.

"Kumbe ni hapa ulikwama."

"Ni hapa, Mama."

"Sikujua kama iko mbali hivi. Nani alisema saa nane?"

"Shefu wa ofisi."

"Alishapita huku?"

"Hapana. Yeye iko na saa ku ukuta."

Akatikisa kichwa. "Na wewe mwenye kupita kila siku, hukumwambia?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo tangu siku ile. Feruzi alimwambia, akaondolewa. Lakini Feruzi alikuwa mmoja. Sisi wengine, kila mmoja na kopo lake, tulimthibitishia shefu kila mchana kwa simu kwamba saa nane inawezekana. Angetuaminije kuhusu masika, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunafika kwa wakati?

Mahakamani hakimu wa rufaa aliniuliza maswali mafupi. La mwisho lilikuwa hili: katika miaka yako ya njia hiyo, bordero ngapi ziliandikwa kabla ya koli kufika? Shefu wetu alikuwa amekaa nyuma. Naye alikuwa ameitwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema chache.

"Za masika, zote," nikasema.

Niliwahi kusikia watu wakisema kwamba ukisema kweli unajisikia mwepesi. Mimi nilijisikia aibu, na kiu. Shefu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Waliniweka kando, kama walivyomweka Feruzi. Wenzangu waliacha kunisalimia, wengine kwa hasira, wengine kwa hofu ya kopo lao. Nilizunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha wakaniita, si kwa kunisamehe. Waliniita kwa sababu kila waliyemtuma Kabambare katika mvua alirudi na pikipiki juu ya vichwa vya watu wanne. Yale maandishi mnayoyaona leo kwenye karatasi zenu, kwamba masika koli ya Kabambare ni siku mbili, mnadhani yalishuka kutoka mbinguni. Yalikuja baadaye, baada ya kelele nyingi. Siku niliyorudi kazini saa nane ilikuwa bado saa nane, na koli ya kwanza niliyopewa ilikuwa bahasha ya mahakama, ya haraka, kwa Mama Zaina.

Nilikuta hakuna nyumba. Shemeji hakuwa amengoja rufaa. Alibomoa mapema, akauza bati, akabeba matofali na milango. Kilichobaki ni alama za kuta ardhini. Mama Zaina alikuwa ndani ya alama hizo na jembe, akipanda mihogo mahali ambapo zamani kilikuwa chumba chake. Majirani walikuwa wamempa pa kulala. Aliponiona alisimika jembe, akajifuta mikono, akaniomba nimsomee, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Nikamsomea polepole: rufaa imekubaliwa, karatasi ya mzee ni halali, kiwanja ni chake.

"Kiwanja," akasema. Akatazama mihogo. "Na nyumba?"

"Nyumba haikuandikwa, Mama."

Mimi nilitaka kuondoka, Mungu anisamehe, mwili wote ulitaka kuwa juu ya pikipiki. Nikatoa bordero na kidau cha wino, nikaweka karatasi juu ya tangi la mafuta, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ukaanza kuandika nane.

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na udongo.

"Sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama. "Saa kumi na nusu."

"Andika hiyo."

Nikakata ile nane, nikaandika saa kumi na nusu, kubwa, ili mtu yeyote aione. Akainama karibu na karatasi akaitazama, ingawa hajui kusoma, akangoja wino wangu ukauke kabisa. Ndipo akafuta kidole gumba kwenye kitenge chake, akakichovya, akakiweka.